Kumi na Sita

Seneta Arvid Tollefson anajua majina ya mbwa wetu.
Msidhani ni mzaha. Miaka ishirini na nne yuko Washington,
na bado akishuka kwenye pikapu yake hapa Dakota Kaskazini
huuliza, "Yule Rusty, mguu wake ulipona?"
Mguu ulipona. Rusty alikufa.
Lakini aliuliza. Nani mwingine huuliza?

Mwaka huu wapinzani walihangaika kutafuta wa kumkabili
kama watu wanaomtafuta wa kwanza kukanyaga barafu nyembamba,
wakampata Renata Zastrow, mkunga
ambaye wodi yake ilifungwa kabla ya Krismasi.
Sasa wajawazito wetu husafiri maili tisini.
Dagny Lindvig alijifungulia kando ya barabara,
penye mashamba ya viazisukari, theluji magotini.
Seneta alituma maua. Mazuri, kwa kweli.

Wodi hiyo, utepe wake aliukata yeye. Picha ipo posta.
Aliyeifunga ni nani? "Washington," husema watu,
kana kwamba yeye huko huenda kuvua samaki.

Renata aliitisha mkutano chini ya kanisa la Kilutheri.
Ilikuwa zamu yangu ya jikoni, nikawepo bila kuwepo:
msimamizi wa uchaguzi hana upande, ana upawa.
Walikuja kumi na moja.
Wawili nawajua, huja popote penye supu.
Alisema polepole, kama anayemwambia mama
asubiri, asisukume bado.
Hakumtukana seneta. Alisema tu,
"Hata mtu mwema anaweza kuchelewa."
Kijiko kimoja kilianguka. Basi.

Mume wangu aliponitoka, Tollefson aliniandikia barua.
Wino wa bluu, maneno ya upole,
na jina la marehemu: Harlan.
Mume wangu aliitwa Harald.
Nimeitunza ndani ya Biblia hata hivyo.
Waliosema zimwi likujualo halikuli likakwisha
hawakusema huanza na kiungo gani.

Jumanne ile theluji ilitangulia wapiga kura.
Saa mbili usiku tulifunga mlango,
tukamimina karatasi juu ya meza ya bingo,
mimi, mwalimu kijana, na Orville wa ghala la ngano.
Tollefson. Tollefson. Tollefson.
Sauti ya Orville kama mashine ya kupura.
Redio ilikwisha kumtangaza mshindi
sisi tukiwa bado tunakunjua.

Mia moja themanini na saba.
Moja ya kuandikwa kwa mkono: *Ardis Brekke*,
tuliyemzika mwezi wa Machi.
Mwandiko tunaujua. Tunajua nani sasa anakula peke yake.
Orville aliisoma kwa sauti ileile,
kisha akavua kofia.
Zastrow, ishirini na sita.

"Umekosea," akasema Orville. Nikarudia.
Ishirini na sita.

Si kitu. Jimbo zima lilikuwa lake kabla sijavaa koti,
na mimi nilitia sahihi, nikafunga lakiri, nikalala.
Lakini tangu asubuhi ile natembea mjini nikipiga hesabu.
Waliokuja kwa moyo ni tisa.
Ishirini na sita toa tisa, kumi na saba.
Moja naijua kuliko zote.
Zimebaki kumi na sita.

Mwoka mikate ananipa chenji bila kunitazama.
Mchungaji anakwangua barafu kwenye kioo cha gari,
bango la Tollefson bado limesimama uani kwake.
Ni wewe? Au wewe?
Kura ni siri, nimeiapia mwenyewe,
nami nasalimia kila mtu taratibu,
kama anayempisha mwenzake gizani
ndani ya nyumba waliyozaliwa wote,
akasikia pumzi tu.